Askari Ajue Kibaba Chake: Hesabu ya Chakula kwa Anayetaka Kupunguza Uzito

Vita katika pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, vilianza tarehe 5 Oktoba, 2017, wakati watu wenye silaha walipovishambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi, 2021 ukavamiwa mji wa Palma. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Rwanda ilipeleka askari na polisi wake wapatao 1,000, na nchi za SADC, Tanzania ikiwa mojawapo, zikapeleka kikosi cha pamoja, SAMIM, kilichomaliza muda wake Julai, 2024. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti, 2021, na mwezi Novemba, 2025 kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio lililosimamisha mradi wa gesi wa Afungi tangu Aprili, 2021.

Habari za miji iliyokombolewa zimeandikwa mara nyingi. Jambo tunalotaka kulichambua leo haliandikwi sana, nalo ni mwili wa askari mwenyewe. Vita vya namna hii vina nyakati mbili. Uko wakati wa kusaka, ambapo askari hutembea kutwa kwenye mchanga na vichaka akiwa na mzigo mgongoni. Na uko wakati wa kulinda, ambapo husimama getini, hukaa kizuizini barabarani, huandika taarifa ofisini na kungoja zamu. Katika wakati wa kwanza mwili huisha. Katika wakati wa pili mwili huongezeka, kwa kuwa kazi imepungua na sahani imebaki ile ile. Ndipo tumbo linapoanza kukaa juu ya mkanda, na askari anapouliza: nile kalori ngapi kwa siku ili nipungue?

Swali hilo ni zuri. Tatizo ni majibu yanayotolewa makambini. Mmoja husema acha ugali kabisa. Mwingine husema kula mara moja tu kwa siku. Wa tatu amesikia mahali kwamba kalori 1,200 zinamtosha kila mtu. Majibu hayo yote yana kasoro moja, nayo ni kutoa kipimo kabla ya kujua kazi ya anayepimiwa.

KALORI NI NINI

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Ile tunayoitaja kila siku kwa jina hilo, kwa lugha ya wataalamu ni kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya sentigredi. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9, na gramu ya kileo 7. Mwili huzitumia kalori hizo hata mtu akiwa amelala, kwa kuendesha moyo, mapafu, ubongo na kulinda joto lake. Anachokula mtu kuzidi matumizi yake huwekwa akiba, na akiba hiyo ni mafuta. Anachokula kupungukia matumizi hulipwa kutoka katika akiba hiyo, na kwa bahati mbaya hulipwa pia kutoka katika misuli.

Wazee wa pwani hii walikuwa na kipimo chao kabla ya neno kalori kufika. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, takriban ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Nafaka kavu hutoa kalori zipatazo 360 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kibaba kile kilikuwa na kalori karibu 2,400. Mtu aliyekitegemea hicho peke yake huku akibeba mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, kutwa nzima porini, hakuwa na budi kukonda. Kibaba hicho hicho akipewa karani anayeshinda kitini, na juu yake aongezewe nyama, mafuta na soda, atanenepa. Kipimo ni kimoja, matokeo ni mawili, kwa sababu kazi ni mbili.

KWANZA, JE UNA HAJA YA KUPUNGUA?

Yafaa askari ajiulize hilo kabla ya kushika kalamu. Mizani peke yake hudanganya, maana mtu mwenye misuli mingi naye huwa mzito. Kamba ya kupimia kiuno husema kweli zaidi. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba kwa mwanamume hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94, na hupanda sana kikizidi 102. Kwa mwanamke mipaka hiyo ni 80 na 88. Aliye chini ya mipaka hiyo, anayemaliza mchakamchaka bila taabu, hana sababu ya kujinyima eti kwa kuwa mwenzake amesema amenenepa.

Wapo pia wasiopaswa kujipunguza hata kidogo bila ruhusa ya mganga: mama mjamzito au anayenyonyesha, aliyetoka kuugua malaria au kipindupindu, na anayetumia dawa za kisukari. Hao waende zahanati ya kikosi kwanza.

HESABU YENYEWE

Hesabu ina hatua tatu, na yeyote aliyemaliza darasa la saba anaiweza.

Hatua ya kwanza ni kujua mwili unatumia kalori ngapi ukiwa umepumzika. Kanuni inayotumika sana ilitolewa mwaka 1990. Zidisha uzito kwa kilo mara 10. Zidisha urefu kwa sentimita mara 6.25; jumlisha; kisha toa umri wa miaka uliozidishwa mara 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Tuchukue mfano wa askari mwanamume wa miaka 35, mwenye kilo 85 na urefu wa sentimita 172. Tunapata 850, jumlisha 1,075, toa 175, ongeza 5. Jibu ni 1,755.

Hatua ya pili ni kupima kazi. Wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani wameigawa kazi ya mwanadamu katika madaraja matatu. Anayekaa sana huzidisha jibu la kwanza kwa 1.4 hadi 1.69. Anayetembea na kushughulika huzidisha kwa 1.7 hadi 1.99. Mwenye kazi nzito huzidisha kwa 2 hadi 2.4. Askari wetu akiwa mlinzi wa geti au karani tumpe 1.5, naye atakuwa anatumia kalori kama 2,600 kwa siku. Akiwa katika doria ya miguu yenye mzigo tumpe 2.2, naye atatumia kama 3,900. Mtu ni yule yule, na tofauti ni kalori 1,300, yaani zaidi ya nusu ya kibaba cha mpagazi.

Hatua ya tatu ni kupunguza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pungufu la busara ni kalori 300 hadi 500 kwa siku chini ya matumizi. Askari wetu wa getini akitoa 500 atabaki na kalori kama 2,100. Hiyo ndiyo shabaha yake. Polisi mwanamke wa miaka 30, mwenye kilo 70 na urefu wa sentimita 160, anayefanya kazi ya kituoni, kwa hesabu hiyo hiyo hutumia kama 2,080. Akitoa 400 shabaha yake ni karibu 1,700. Wote wawili watapungua takriban nusu kilo kwa wiki au pungufu ya hapo, na kadiri mwili unavyokuwa mwepesi ndivyo kasi itakavyopungua. Hilo ni jambo la kawaida, mtu asidhani kwamba amerogwa.

Kanuni hizi hutoa makadirio. Hakimu wa mwisho ni mizani. Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ile ile, na aandike. Wiki ya kwanza uzito unaweza kushuka upesi, lakini sehemu kubwa ya hiyo ni maji. Baada ya wiki nne, kama hajapungua, atoe kalori 100 au 200 zaidi. Kama anapungua zaidi ya kilo moja kwa wiki, aongeze chakula, kwa maana hapo misuli nayo inaondoka.

KUJINYIMA KUPITA KIASI

Walimwengu wamekwisha kulijaribu jambo hili, nasi hatuna haja ya kulijaribu upya kwa miili ya askari wetu. Kuanzia Novemba, 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Kwa muda wa miezi sita walilishwa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, huku wakitembea karibu kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini walipoteza na mengine: nguvu zilikwisha, walihisi baridi wakati wote, wakawa na hasira na huzuni, na mawazo yao yakajaa chakula mchana na usiku. Kalori 1,570 ni nyingi kuliko zile 1,200 ambazo askari mwenye umbo kubwa huambiwa zinamtosha. Yaani kile ambacho Keys alikiita njaa, leo watu wanakiita mpango wa kupungua.

Jeshi la Marekani lenyewe lilichunguza jambo hili katika mafunzo yake makali ya Ranger. Mwaka 1991 wanafunzi walimaliza mafunzo ya siku 62 wakiwa wamepoteza karibu asilimia 16 ya uzito wao, na maambukizo ya maradhi yakawa mengi miongoni mwao. Mwaka uliofuata waliongezewa kalori zipatazo 400 tu kwa siku. Wakapungua kidogo zaidi ya asilimia 12, na maambukizo yakapungua. Ndiyo sababu kanuni za jeshi hilo hazimruhusu askari kukaa kwenye posho ya kalori 1,100 hadi 1,500 kwa zaidi ya siku 10 mfululizo, na nchi za NATO hukadiria kalori 3,600 kwa siku kwa askari aliye kazini uwanjani.

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Askari aliyelegea kwa njaa hukawia kuona na hukosea kulenga. Zaidi ya hayo hukasirika upesi, na mtu mwenye hasira aliyeshika bunduki kwenye kizuizi cha barabara ni hatari kwa mwananchi anayepita na kwa mwenzake aliye naye zamu. Kwa hiyo hapana budi ieleweke hivi: wakati wa kupungua ni wakati wa kambini. Anayekwenda doria ale posho yake yote. Askari wetu wa mfano akitembea doria kwa kalori 2,100 atakuwa na pungufu la 1,800 kila siku; katika siku 10 atakuwa amekopa mwilini mwake kalori 18,000, na deni hilo humdai palepale anapohitaji kukimbia.

ZINAKOTOKA KALORI ZA ZIADA

Katika pwani ya Palma na Mocímboa da Praia chakula cha asili si adui wa kiuno. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kalori 160. Samaki mweupe wa kuchoma, gramu 100, hana zaidi ya 130. Matapa, yaani kisamvu kilichopikwa kwa karanga na tui, ni chakula bora, ila hesabu yake iko katika tui na karanga, wala haiko katika majani. Nyama ya nazi gramu 100 ina kalori 350, na korosho, ambazo ni fahari ya jimbo hili, zina zaidi ya 550. Konzi mbili za korosho wakati wa lindo la usiku zinaweza kulingana na mlo mzima.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Chupa ya soda ya mililita 300 ni karibu 125. Chupa ya bia ya nusu lita ni zaidi ya 200. Askari anayekunywa soda moja mchana na bia mbili jioni amekwisha kunywa kalori zaidi ya 500. Hizo ndizo zile 500 anazotakiwa kuzipunguza! Angeziacha, asingekuwa na haja ya kugombana na ugali.

Siku ya kalori 2,100 inaweza kuwa hivi. Asubuhi: chai yenye kijiko kidogo kimoja cha sukari, muhogo wa kuchemsha gramu 200, yai moja na ndizi moja, jumla kama 500. Mchana: ugali wa unga gramu 150, samaki wa kuchoma gramu 200, na mboga za majani zilizokaangwa kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, jumla kama 940. Jioni: wali wa mchele gramu 80, maharage kikombe kimoja, mboga kwa nusu kijiko cha mafuta, na kipande cha papai, jumla kama 650. Mtu halali njaa kwa chakula hicho. Samaki, mayai na maharage yasipunguzwe, kwa kuwa ndiyo yanayolinda misuli, na mazoezi ya kubeba na kusukuma vitu vizito yaendelee pamoja na mbio.

Mwezi wa Ramadhani, ambao wakazi wengi wa pwani hii huufunga, shabaha ya siku haibadiliki. Hugawanywa kati ya futari na daku. Anayefuturu kwa vitu vya kukaangwa na sharubati za sukari anaweza kumaliza mwezi akiwa mzito kuliko alivyouanza.

Makamanda nao wana sehemu yao. Askari asiaibishwe gwarideni kwa tumbo lake, wala asinyimwe chakula kama adhabu. Upimaji wa afya utangazwe mapema, ili mtu asije akajifungia chakula na maji wiki ya mwisho apate kupita kwenye mizani. Jambo kubwa kuliko yote ni mpishi wa bwalo. Akipimiwa mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka katika dumu, kambi nzima itapungua bila amri.

NAMBARI ILE ILE NG'AMBO YA UZIO

Tumeona kwamba askari wetu wa kilo 85 anayetaka kupungua atakula kalori 2,100. Nambari hiyo ina historia nyingine. Mashirika ya misaada hupanga chakula cha dharura kwa wastani wa kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, watoto na watu wazima wakihesabiwa pamoja. Mwishoni mwa mwaka 2022 watu waliokuwa wamehama makwao kaskazini mwa Msumbiji walifikia karibu milioni 1, na mwaka huo, kwa uhaba wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawia nusu ya mgawo. Nusu ya 2,100 ni 1,050. Hakuna mganga mwangalifu ambaye angempangia askari wetu kalori 1,050 hata kama angekuwa mnene namna gani. Nao wale walipaswa kulima, kuchota maji, kunyonyesha na kujenga upya vibanda vyao.

Askari anayejua kuhesabu sahani yake anajua pia kuisoma sahani ya mwananchi. Anaelewa kwa nini mvuvi wa Quionga anaomba kuruhusiwa kwenda baharini alfajiri, kwa nini mama anang'ang'ania kurudi shambani kwake kuchimba muhogo hata barabara ikiwa bado na hatari, na kwa nini gunia moja linalopotea njiani ni siku kadhaa za uhai wa familia. Kulinda shamba, mtumbwi na gari la unga ni kulinda kalori za watu, na mtu aliyeshiba ni mgumu kushawishiwa na adui.

Ndugu askari na polisi, vibaba vinne hufanya pishi, na pishi hujazwa kibaba kwa kibaba. Mwili ulioongezeka kwa miaka miwili ya getini hauwezi kuondoka kwa wiki mbili za kujitesa. Pima kiuno, fanya hesabu, toa 500, weka chini soda na bia, jipime kila wiki, na siku ya doria ule ushibe. Nusu kilo kwa wiki ni kilo 6 kwa miezi mitatu, na hizo ni kilo ambazo hutalazimika kuzibeba pamoja na bunduki yako.